Jinsi ya kuzuia damu inayoua: kazi tatu zilizofundishwa na viwanja vya vita

Tarehe 6 Aprili 1862, katika mapigano ya Shiloh jimboni Tennessee, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jenerali Albert Sidney Johnston wa jeshi la Kusini alipigwa risasi nyuma ya goti. Risasi ilikata ateri inayopita hapo, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Damu ikawa inaingia ndani ya buti lake, hakuna aliyeiona, na muda si mrefu akalegea juu ya farasi na kufa. Daktari wake hakuwapo, kwa kuwa jenerali mwenyewe alimwagiza akawahudumie majeruhi wengine, wakiwamo mateka wa upande wa pili. Mfukoni alikuwa na toniketi, yaani mkanda wa kubana mkono au mguu ili damu isipite.

Jeraha lile lilizuilika. Dawa haikuhitajika wala kisu, alihitajika mtu wa kuona damu, kutoa mkanda na kuukaza. Madaktari wa kijeshi wamelisoma somo hilo, wakalisahau, kisha wakalisoma upya kwa zaidi ya miaka mia tatu. Leo linafundishwa kwa yeyote anayeweza kufika mapema kuliko gari la wagonjwa: dereva wa basi, bodaboda, fundi seremala, mlinzi, mwalimu. Panga, msumeno wa mashine, kioo cha dirisha na bati la gari hukata mishipa ileile inayokatwa na risasi.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu lita 5 hivi. Akipoteza lita 2 yuko ukingoni. Ateri kubwa ya paja ikikatika kabisa anaweza kufa ndani ya dakika tatu hadi tano, na hakuna hospitali iliyo karibu kiasi hicho. Kazi zenyewe ni tatu: kubonyeza, kubana na kujaza. Inayofaa inategemea jeraha lilipo.

Tazama kwanza

Hakikisha hatari imekwisha: magari yamesimamishwa, umeme umezimwa, mwenye panga hayupo. Mtume mtu mmoja, umtaje kwa jina au kwa nguo aliyovaa, apige namba ya dharura ya mahali mlipo au atafute gari. Ukisema tu "jamani pigeni simu" hakuna atakayepiga. Vaa glavu. Ukizikosa, ingiza mikono kwenye mfuko wowote usiopitisha maji.

Kisha kata au chana nguo uone ngozi. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kama waliokuwa karibu na Johnston. Suruali nzito ya jinzi, koti la mvua na buti huficha damu nyingi sana. Pitisha mkono chini ya mgongo, chini ya makalio, kwapani, nyuma ya mapaja, halafu tazama kiganja chako.

Damu ya kuogopa ni ile inayoruka kwa mapigo, inayotiririka bila kukoma, inayotengeneza dimbwi chini au inayopenya kitambaa kila ukiongeza kingine. Kiungo kilichokatika ni hatari hata kama damu imepungua kwa wakati huo, kwa sababu mshipa uliojikunja huweza kufunguka tena. Mtu mwenye jeraha akianza kuropoka, kuhangaika au kusinzia, usiseme ana pombe. Chukulia kwamba ubongo wake umeanza kukosa damu.

Kubonyeza

Mlaze majeruhi kwenye sehemu ngumu. Godoro au kiti cha gari hubonyea pamoja naye na nguvu yako inapotea bure. Weka kitambaa safi au shashi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) juu ya penye damu, pandanisha viganja, nyoosha viwiko na uegemeze uzito wa mwili wako. Misuli ya mikono peke yake huchoka baada ya dakika mbili.

Usifunue kuchungulia. Damu inahitaji muda wa kuganda mdomoni mwa mshipa, na kila ukiinua mkono unang'oa kilichoanza kushika. Hesabu dakika kumi kwa saa, maana ukikisia utaachia mapema. Kitambaa kikilowa, usirundike vingine kumi juu yake. Rundo hutawanya nguvu, na pengine tangu mwanzo hukuwa umelenga mahali penyewe. Funua mara moja, tafuta chanzo, lenga upya.

Damu ikiwa inaruka kutoka mkononi au mguuni, usisubiri dakika kumi hizo. Mwenzako abonyeze wakati wewe unatayarisha toniketi.

Kubana: kwa nini toniketi ilichukiwa

Inasimuliwa kuwa mwaka 1674, kwenye kuzingirwa kwa mji wa Besançon, mpasuaji wa Kifaransa Etienne Morel alipitisha kijiti ndani ya kitambaa kilichofungwa mguuni na kukisokota. Mwaka 1718 Jean-Louis Petit, Mfaransa pia, akatoa kifaa chenye parafujo ya kukaza na kulegeza taratibu. Wazo lenyewe halijabadilika tangu hapo: kitambaa peke yake hakikazi vya kutosha, lazima pawe na kitu cha kuongeza nguvu.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliiharibia jina. Majeruhi walilala masaa mengi kwenye matope kabla ya kufika kwa mpasuaji, mikanda ikasahaulika chini ya mablanketi, miguu ikafa. Madaktari waliopokea miguu hiyo wakaufundisha ulimwengu kwamba toniketi ni njia ya mwisho kabisa, na fundisho hilo likakaa vitabuni hadi mwishoni mwa karne. Gharama yake ilionekana kwenye vita vya Vietnam, ambako inakadiriwa askari zaidi ya 2,500 wa Marekani walikufa kwa damu iliyotoka mikononi na miguuni.

Mwaka 1996 madaktari wa vikosi maalumu vya Marekani walichapisha mwongozo mpya uliosema: wakati risasi bado zinalia, toniketi ndiyo ya kwanza. Ushahidi mkubwa ukaja kutoka hospitali ya kijeshi ya Baghdad mwaka 2006. Majeruhi 232 waliofungwa toniketi 428 walifuatiliwa, na hakuna aliyepoteza kiungo kwa sababu ya toniketi yenyewe. Waliofungwa kabla ya kuingia kwenye mshtuko wa kupungukiwa damu, asilimia 90 waliishi. Waliofungwa baada ya mshtuko kuanza, asilimia 10 tu. Ndiyo maana tunasisitiza mapema. Kwa maoni yetu toniketi ilibeba lawama za watu walioifunga ikiwa imelegea, walioifunga wakiwa wamechelewa, au walioisahau.

Toniketi ya kiwandani, hatua kwa hatua

Ya kisasa ni mkanda wa upana wa sentimita 4 hivi, wenye bizimu ya kupitishia, kijiti cha kusokotea, kishikio cha kijiti na utepe wa kuandikia saa.

1. Ipitishe sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa moyo. Usiiweke juu ya goti, kiwiko, kifundo wala juu ya mfuko wenye simu au funguo. Kama ni usiku, nguo ni nyingi na huoni jeraha liko wapi, ipandishe juu kabisa kwenye paja au mkono, juu ya nguo, uikaze hapo. Baadaye jeraha likionekana itasogezwa.

2. Vuta ncha ya mkanda kwa nguvu zako zote kabla hujagusa kijiti. Ncha za vidole vitatu zisiweze kupenya chini yake. Hatua hii ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Mkanda ukiwa na ulegevu, kijiti kitausokota mpaka kifike mwisho na damu itaendelea kutoka. Mkanda uliovutwa vizuri huhitaji mzunguko mmoja na nusu hivi. Ukiona umezungusha mara nne, fungua uanze upya kwa kuvuta.

3. Sokota kijiti hadi damu iache kutoka. Kipimo chako ni damu, idadi ya mizunguko haina maana peke yake. Kisha gusa mapigo kwenye kifundo cha mkono, au juu ya unyayo kama ni mguu. Yakisikika, bado.

4. Ingiza kijiti kwenye kishikio, funga utepe juu yake, andika saa: "T 14:35". Andika pia kwenye paji la uso kwa kalamu ya wino mzito. Asiyejua toniketi imekaa muda gani hawezi kuamua lolote juu yake.

5. Iache wazi. Usiifunike kwa blanketi wala khanga. Miguu ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilifia chini ya blanketi.

Damu ikiendelea, weka ya pili kando ya ya kwanza, upande wa moyo, zikigusana. Mapaja manene huhitaji mbili mara nyingi, na si aibu.

Itauma sana. Majeruhi atakuomba uilegeze, na ndugu zake watakugombeza. Mwambie mapema: "Kaka, hii itauma kuliko jeraha lenyewe, lakini ndiyo inayokushikia damu yako. Siifungui." Usilegeze kila baada ya dakika kadhaa "ili mguu upumue", kama yalivyoelekeza mafunzo ya zamani. Kila ukilegeza anapoteza damu asiyo nayo, na donge lililoshika linasombwa.

Na toniketi iliyolegea ni mbaya kuliko kutofunga. Vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, zinabanwa kwa nguvu ndogo, ateri zinahitaji nguvu kubwa. Ukikaza nusu, damu inaendelea kuingia kupitia ateri na haina njia ya kurudi, kama beseni lililozibwa tundu huku bomba likiachwa wazi. Mguu unavimba, unakuwa wa samawati, na jeraha linavuja zaidi ya mwanzo.

Ukikosa ya kiwandani

Kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka 2013, baada ya mabomu kulipuka, toniketi 27 zilizofika na majeruhi hospitalini zote zilikuwa za kubuni palepale. Nyingi hazikuwa na kijiti cha kusokota. Mkanda wa suruali una tatizo hilohilo: ni mgumu, haukunjiki, hausokoteki, na tundu zake zimetobolewa kwa kiuno. Ukiwa na kitambaa, uache mkanda.

Chana khanga, kitenge au shuka upate kipande cha upana wa sentimita 20 na urefu wa mita moja na zaidi. Kikunje kiwe na tabaka nne, kibaki na upana wa sentimita 5. Chembamba kuliko sentimita 4 hukata ngozi na kuumiza neva kabla ya kufunga ateri, kwa hiyo kamba ya manila, waya na kamba ya viatu hazifai.

Zungusha mara mbili juu ya jeraha, upande wa moyo, funga fundo nusu, kaza. Laza kijiti juu ya fundo hilo, kisha funga fundo kamili juu ya kijiti. Kijiti kiwe na urefu wa sentimita 12 hadi 15 na unene wa kidole gumba. Bisibisi au spana ya pikipiki inafaa sana, mpini wa mwiko wa mti pia. Kalamu na penseli huvunjika, kwa kawaida pale nguvu inapoanza kufaa. Sokota mpaka damu ikome. Sasa kishike kijiti kisijirudishe: tumia kipande kingine cha kitambaa, funga ncha moja ya kijiti kwenye mguu wenyewe, chini ya mkanda. Watu husokota vizuri kisha wakaachia kijiti ili wapige simu, na kazi yote inafunguka.

Ukinunua ya kiwandani, jihadhari na za bandia. Zinauzwa rahisi mtandaoni, na kijiti chake hupinda kikikazwa. Ijaribu kwenye paja lako mwenyewe mpaka mapigo ya mguu yapotee, kisha ifungue mara moja, na hiyo iwe ya mazoezi tu. Ya dharura itoe kwenye plastiki yake, ikunje tayari, itunze mbali na jua. Iliyoachwa miaka miwili juu ya dashibodi ya gari usiiamini.

Kujaza: kinena, kwapa na bega

Oktoba 1993 mjini Mogadishu, askari mmoja wa Marekani alipigwa risasi juu kabisa ya paja, karibu na nyonga. Wenzake walikuwa na ujuzi na vifaa, ila hapakuwa na mahali pa kufunga toniketi. Njia za kumtoa zilikuwa zimefungwa kwa mapigano, naye akafa masaa kadhaa baadaye. Kifo kile kiliwasukuma wataalamu kutafuta njia ya maeneo ambayo mkanda haufiki.

Njia hiyo ni kuingiza shashi ndani ya jeraha. Roli la kijeshi la kuzuia damu lina upana wa sentimita 7.5 na urefu wa mita 3.7, na kinena kikubwa kinaweza kulimeza lote likahitaji la pili. Shashi ya kawaida inafaa, na kipande kirefu cha khanga safi pia. Tumia kimoja kirefu, si vipande ishirini vidogo. Vidogo havipitishi nguvu hadi chini, na mpasuaji anaweza kusahau kimoja ndani.

Futa damu iliyojaa, ingiza kidole, tafuta inapotokea. Utaihisi: joto na msukumo, mara nyingi kuelekea mfupa. Gandamiza hapo kwa kidole hicho. Kwa mkono wa pili anza kuingiza shashi ukiifuatisha na kidole chako, na kila mara kidole kimoja kibaki kinagandamiza wakati kingine kinasukuma. Usiachie chini ili ujaze juu. Shashi iliyowekwa juujuu hufanya jeraha lionekane kavu huku damu ikikusanyika ndani ya nyama. Endelea mpaka pasiingie tena, halafu acha rundo lichomoze sentimita 3 au 5 juu ya ngozi. Egemea hapo kwa uzito wote: dakika 3 kwa shashi yenye dawa ya kugandisha, dakika 10 kwa ya kawaida. Mwisho funga bandeji kwa kukaza, bila kuondoa kitu.

Shashi yenye dawa ina historia yake. Vita vya Iraq vilipoanza, askari walipewa unga wa madini uliomwagwa jerahani. Uligandisha damu, lakini ulitoa joto kali na ukaunguza nyama. Baadaye ukaachwa, zikashika nafasi shashi zenye kaolini, aina ya udongo mweupe usiotoa joto. Mtu akikuuzia unga wa kumwaga, mwachie.

Kifua na tumbo havijazwi. Humo shashi hupotelea kwenye uwazi na haibani kitu, na damu ya ndani inahitaji chumba cha upasuaji. Wachunguzi walipopitia vifo vya askari 4,596 wa Marekani vya miaka 2001 hadi 2011, waliona kwamba kati ya waliokufa kwa damu ambao pengine wangeokolewa, theluthi mbili walivuja ndani ya kiwiliwili. Kwa majeruhi wa namna hii, msaada wako ni kumfikisha haraka. Shingo unaweza kuibonyeza na kuijaza upande mmoja, ila usiizungushie bandeji ya kubana.

Kisu, nondo au kipande cha kioo kilichochomeka usikichomoe. Huenda ndicho kizibo. Kizungushie vitambaa kisitikisike, usafiri naye hivyo.

Usimwage kitu jerahani

Mwaka 1537, katika vita vya Wafaransa huko Piedmont, kaskazini mwa Italia, mpasuaji kijana Ambroise Paré aliishiwa mafuta yaliyokuwa yakichemshwa na kumiminwa kwenye majeraha ya bunduki. Akalazimika kupaka mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini. Asubuhi akakuta waliopakwa mchanganyiko wamelala vizuri, na waliounguzwa wana homa, maumivu na uvimbe. Akaacha mafuta ya moto.

Mafuta ya taa, kahawa, tumbaku, majivu na dawa ya meno vinaendelea kuwekwa kwenye majeraha hadi leo, na ni kosa la ukoo uleule. Havizuii ateri, vinaingiza vijidudu, na vinampa daktari kazi ya kuvisafisha. Spiriti ndani ya jeraha huua nyama hai. Wala usikubali jeraha chafu la panga au la ajali lishonwe harakaharaka dukani kwa dawa. Vita vya 1914 hadi 1918 vilionyesha wazi kwamba jeraha lenye udongo likifungwa siku ileile huoza kwa ndani. Husafishwa, nyama iliyokufa hukatwa, huachwa wazi, na likiwa safi hushonwa baada ya siku 4 hadi 7.

Baridi, safari na makabidhiano

Aliyepoteza damu hupoa hata mchana wa Dar es Salaam, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Mtoe kwenye sakafu ya saruji au lami, weka kitu chini yake kabla ya kumfunika juu, vua nguo zilizolowa, mfunike kichwa. Toniketi tu ndiyo ibaki nje. Usimpe chai, maji wala chakula, kwa sababu huenda anakwenda kupasuliwa. Akizimia huku anapumua, mlaze ubavu.

Toniketi ya chini ya saa 2 kwa kawaida haiachi madhara ya kudumu. Kuanzia hapo neva na misuli huumia zaidi kila saa. Ikipita saa 6 haifunguliwi popote isipokuwa hospitalini, kwa kuwa sumu zilizojikusanya kwenye kiungo zinaweza kusimamisha moyo. Vita vya Ukraine vimelirudisha tatizo la Vita vya Kwanza vya Dunia: droni huzuia majeruhi kutolewa, na mikanda iliyofungwa bila ulazima au kuachwa masaa mengi imegharimu miguu. Kwa hiyo kama jeraha linazuilika kwa kubonyeza, bonyeza. Kubadilisha toniketi kuwa bandeji ya kubana ni kazi ya mhudumu aliyefundishwa, ndani ya saa 2 za kwanza, akiwa anaweza kuikaza tena.

Ukifika mapokezi, usimwache majeruhi kwenye foleni huku mkishughulikia fomu ya polisi. Mwite muuguzi au daktari ana kwa ana, umwonyeshe mkanda kwa mkono na useme: jeraha liko wapi, limetokana na nini, toniketi imefungwa saa ngapi, shashi ngapi zimeingizwa na wapi, na kama majeruhi alizimia njiani. Rudia saa mara ya pili, na subiri uone imeandikwa kwenye faili.